Glaida ya roketi: idondoshe injini au ishuke nayo?

Glaida ya roketi ni ndege ndogo ya mfano inayopaa kwa injini ya roketi, kisha inaelea ikishuka. Kwa ufukwe wa Bagamoyo nachagua ile inayodondosha injini. Injini ya B4-2 (injini ndogo ya baruti; 2 ni sekunde za kusubiri) ikishazima, baada ya kama sekunde 2 baruti ya mwisho inakifyatua kibebeo cha injini. Kinashuka na utepe wake wa kukipunguzia kasi, nayo glaida, sasa nyepesi, inaelea kwa raha. Ijaribu kwanza kwa kuirusha kwa mkono: ikiinua pua kisha ikazama, bandika kidonge cha udongo puani. Hofu yangu ni utepe kunasa mkiani tu.

Ile inayoshuka na injini haipotezi kipande, na kusi ikivuma kuelekea minazini hilo ni jambo kubwa. Ila lazima ijibadilishe angani, mabawa yafunguke au uzito usogee, na uzi wa kuanzisha badiliko hilo ukikwama inajichimbia mchangani. Anayeanza aiache kwanza.