Hifadhi ya Kihistoria ya Jimmy Carter, Plains: ziara nzuri yenye pengo katikati

Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Jimmy Carter, katika mji mdogo wa Plains, jimbo la Georgia, Marekani, haitozi kiingilio, na ubora wake unayapita makumbusho mengi yanayolipisha. Sehemu bora ni shamba la Archery alikokulia Carter, rais wa 39 wa Marekani: nyumba ya mbao ambayo haikuwa na maji ya bomba hadi kinu cha upepo kilipojengwa mwaka 1935, wala umeme hadi 1938, pamoja na duka la baba yake lililowauzia vibarua mahitaji yao. Ndoo iliyotobolewa matundu, ambayo familia ilioga chini yake, inaeleza maisha ya wakati ule vizuri kuliko bango lolote.

Shule ya zamani ya Plains, ambayo sasa ndiyo kituo cha wageni, inaridhisha, na stesheni ya reli iliyokuwa makao ya kampeni ya urais ya 1976 inatazamwa kwa muda mfupi tu.

Upungufu ninaouona ni kwamba hifadhi imegawanywa kati ya utoto, masomo na kampeni, ilhali miaka iliyomjenga Carter haina jengo lake. Alihitimu chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1946, akatumikia katika nyambizi, na mwaka 1952 aliongoza kikosi kilichosaidia kukifungua vipande vipande kinu cha nyuklia kilichoharibika huko Chalk River, Kanada, ambako kila mtu aliweza kukaa ndani kwa dakika moja na nusu hivi kwa sababu ya mionzi. Baba yake alipofariki mwaka 1953, aliacha jeshi na kurudi kulima karanga. Mwaka 1962 aligombea useneta wa jimbo, na katika wilaya ya Quitman wapiga kura 333 walizaa kura 420 sandukuni. Alikwenda mahakamani, akapata kiti, na hotuba yake ya kwanza ikapinga maswali 30 yaliyotumika kuwazuia watu weusi kupiga kura. Aliahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura, ahadi ambayo wabunge wengi wangeikwepa.

Kwa hiyo mgeni asome habari za miaka hiyo kabla ya kufika. Aje pia na gari, kwa kuwa shamba liko nje ya mji, na wakati wa kiangazi aanzie huko asubuhi, kabla jua halijawa kali.