Twilight Struggle: nimecheza Vita Baridi na shemeji yangu mwezi mzima, haya ndo maoni yangu

Aisee wadau, hili boksi aliniletea binamu yangu alipokuja likizo toka Ulaya, likakaa juu ya kabati wiki mbili sijaligusa maana kile kitabu cha sheria kilinitisha. Siku shemeji amekuja kulala kwangu umeme ukakatika, tv hamna, tukawasha taa ya chaji tukalifungua. Tumelala saa 9 usiku.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa mezani wa watu wawili tu, umetoka 2005, waliobuni ni Ananda Gupta na Jason Matthews. Mmoja Marekani, mwingine Urusi ya Kisovieti, mnaanza 1945 na kama mtafika mwisho mnaishia 1989. Kuna ramani ya dunia na kila nchi ina namba ya uimara wake, Uingereza 5, Kenya 2, ukimzidi mwenzio ushawishi kwa namba hiyo basi nchi ni yako. Halafu kuna kadi, na kadi ndo zinaumiza kichwa, kila moja ina pointi na tukio la kweli la historia, sasa ukishika kadi ya tukio la adui ukataka kutumia pointi zake tu, lile tukio linatokea vilevile. Kwa hiyo nusu ya mchezo unawaza nijichome mwiba saa ngapi ili uniume kidogo.

Ila kilichonikalisha kimya ni hii DEFCON, kipimo cha hatari ya nyuklia. Kinaanza 5, kikifika 1 dunia imeisha. Kikishuka 4 hamruhusiwi kupindua serikali Ulaya, 3 mnafungiwa Asia, 2 mnafungiwa Mashariki ya Kati. Afrika? Afrika iko wazi siku zote, sisi na Amerika ya Kusini na ya Kati. Alafu kila raundi lazima ufanye shughuli za kijeshi, kama hayo mapinduzi, kufikia kiwango fulani, usipofikisha mwenzio anapata pointi za ushindi, sasa wapi pa kufanyia bila kushusha DEFCON? Unatafuta kanchi kadogo kasiko na umuhimu.

Shem kachukua kadi ya pointi 3 karusha dadu, Kameruni imeanguka.

"Shem, Kameruni wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea kitu bro, nilikuwa napungukiwa tatu za jeshi."

Nilicheka mpaka nikajishtukia, maana zamu yangu ilipofika na mimi nikafanya hivyohivyo kwetu. Maana Tanzania haina hata jina kwenye ramani! Kenya wana kiboksi chao, Zaire wana chao, sisi tumebanwa kwenye kiboksi cha mataifa ya kusini mashariki mwa Afrika, uimara 1. Zaire nayo ni 1 lakini ni nchi ya kugombaniwa, inapinduliwa mara tatu kabla chai haijapoa, na ukikumbuka urani ya bomu la Hiroshima nyingi ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa hukohuko Kongo (ndo Zaire hiyo), na yaliyompata Lumumba 1961, na Mobutu kushika nchi 1965, unaona hawa jamaa hawajabuni kitu.

Na sio kwamba namchukia shem, namuamini hata na funguo za nyumba. Ila mezani nikiacha nchi wazi naogopa ataichukua, naichukua mimi kwanza, na yeye anawaza hivyohivyo. Wale wanaosoma siasa za kimataifa wanaita uhalisia, mimi nimeuelewa kwa dadu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba nchi ndogo hazina mdomo. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi waliondoa msaada wa kijeshi kwetu kisa Ujerumani Mashariki kuingia Zanzibar, Nyerere akaukataa na msaada mwingine uliobaki. Kadi ya hivyo hamna. China nayo ni kadi moja tu, anaanza nayo Mrusi, akiitumia inahamia kwa Mmarekani, inazunguka hivyo kama jagi la maji mezani. Wakati China hiyohiyo kati ya 1970 na 1975 ilikuwa inatutandikia reli kilomita 1,860 mpaka Zambia! Waliobuni wenyewe wameandika kwenye kitabu cha sheria kwamba wamefuata mantiki ya Vita Baridi hata pale ilipokuwa ya uongo, nimewaheshimu kwa hilo, ila kiboksi chetu bado kinaniuma.

Onyo kwa mgeni: kwa mechi za mwanzo tenga masaa matatu, mjue kingereza cha kutosha, na soma kadi yako vizuri. Juzi mimi ni Mrusi, naongoza, DEFCON iko 2, mkononi nimebaki na Duck and Cover, ile ya watoto wa Marekani kufundishwa kujificha chini ya dawati bomu likija. Ni kadi ya Mmarekani, nafasi ya kuitupa kwenye mbio za anga, ambako tukio halitokei, nilishaitumia, mi nikaiweka kwa ajili ya pointi zake tu. Tukio likatokea, DEFCON ikashuka 1, na sheria inasema anayepoteza ni yule ambaye zamu ni yake. Shem hakusema kitu, akaanza tu kukusanya vipande vyake taratibu huku anapiga mluzi.

Nyota nne. Kama huna mtu wa kucheza naye upo pia wa kwenye kompyuta, ila huo haupigi mluzi.