Nilivyosafisha picha 60 za Istanbul hapa Tanga

Mwezi mzima baada ya kurudi kutoka Uturuki, Bibi alikuwa akiniuliza, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, picha ziko wapi?" Nikimpa simu anagusa pasipotakiwa, picha inaruka, anairudisha mezani. Kwake picha ni kitu cha kushika mkononi. Basi nikabeba flashi, nikapanda bajaji mpaka studio moja ya huku Ngamiani. Jina naliweka kapuni, mbele mtaelewa kwa nini.

Safari yenyewe nilimsindikiza dada yangu kununua mzigo Laleli, kwenye maduka ya nguo za jumla. Yeye akihesabu magauni, mimi nazunguka na simu na kamera ya mtumba, Canon EOS.

Nilichagua picha 60, saizi ya inchi 4 kwa 6, karatasi ya kung'aa, shilingi 1,000 kila moja. Niliambiwa nirudi saa kumi, nikafika saa tisa na nusu nikazikuta tayari. Waja leo, waondoka leo na picha zako. Rangi nazo sina neno: maji ya Bosphorus, mlango-bahari unaopita katikati ya Istanbul, yametoka na ubluu wake, na sura zetu zimebaki nyeusi kama tulivyozaliwa, hakuna aliyeng'arishwa bila kuomba.

Balaa likawa kwenye minara. Msikiti wa Sultan Ahmed una minara sita, na ili yote iingie nilirudi nyuma hadi nusura nimpige kikumbo muuza simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Kwenye karatasi minara yote sita imekatwa ncha, utadhani imetoka kwa kinyozi. Kumbe picha za simu yangu zina uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya 4 kwa 6 ni nyembamba kuliko hivyo. Mashine hujaza karatasi, kinachozidi inakikata. Ukilaza simu, unapoteza sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha.

Nilipomuuliza kijana wa studio akanijibu, "Kaka, si ungesema tukuachie ukingo mweupe?" Ningesemaje jambo nisilolijua? Kuuliza ilikuwa kazi yake. Nikalipa tena elfu mbili kurudia mbili.

Kosa jingine ni langu. Picha ya dada akiwa kwenye kivuko niliitaka kubwa, 8 kwa 12, lakini alikuwa amenitumia kwa WhatsApp. Saizi hiyo ikitakiwa kutoka safi huhitaji kama pikseli (vidoti vya picha) 2,400 kwa 3,600, na WhatsApp huibana picha isipotumwa kama dokumenti. Imetoka kama imepigwa kupitia kioo chenye mvuke.

Jioni Bibi akavaa miwani. Misikiti aliipitisha haraka, "Mashallah, mashallah," kama anayechambua mchele. Akagota kwenye picha ya daraja la Galata, wanaume wamejipanga bega kwa bega na fimbo za kuvulia, chini kuna ndoo ya samaki wadogo.

"Hawa si vibua?"

Nikamwambia wenyewe wanawaita istavrit.

"Vibua hawa. Pale soko la samaki Deep Sea wangepangwa mafungu. Na huyu mzee mwenye kofia, alikwambia amevua tangu saa ngapi?"

Nikasema sikuongea naye.

"Hukumsalimia?"

Nilipiga, nikaondoka. Aliniangalia juu ya miwani, mimi nikajifanya natafuta flashi. Picha 60, na ukinitoa mimi na dada, hakuna hata mtu mmoja ninayemjua jina.

Studio nitairudia, ila nitatangulia kusema habari ya ukingo. Bibi nyingine zote amenirudishia. Ya mzee mwenye kofia ameichomeka kwenye kioo cha kabati. Hiyo nilipiga kwa Canon, yenye uwiano wa 3 kwa 2, sawa na karatasi ya 4 kwa 6, ndiyo maana ndoo imeingia yote.