Kijaluba cha sigara cha pauni 12 nimekigeuza kibebeo cha vepu, mlio wake tu!

Haya mambo vipi wadau, karibuni tena, leo sisemi kitu kwanza, sikilizeni. Tak. Mmesikia? Ngoja nisogeze maiki. Tak. Huo mlio jamani! Mimi nimekaa na hiki kitu siku tisa na kila jioni mke wangu ananiambia hebu kiweke chini unanipasua kichwa, mi siwezi kukiacha.

Kabla sijaendelea, kama hujafika miaka 18 toka, nenda kaangalie mpira. Na kama huvuti chochote usije ukasema nimekushawishi, sishawishi mtu hapa. Mi nimevuta sigara miaka kumi na moja, nikahamia vepu, zile sigara za kielektroniki, sigara yenyewe sijagusa tangu hapo, basi ndo maana mnaniona na haya mavitu.

Sasa hiki ni kijaluba cha sigara. Cha zamani, vile vya wazee, kama kile cha bibi cha tumbaku na tambuu ila hiki ni kipana na chembamba, unakitia mfuko wa ndani wa koti hata hakionekani. Nimekipata soko la buti la Jumapili hapa Birmingham, kwa ambao hamko huku ni uwanja tu, watu wanapaki magari wanafungua buti wanauza vitu vya ndani mwao, masahani, midoli, viatu. Mzee alikuwa anataka pauni 15 akaniambia ni fedha hiyo. Nikakigeuza, nikatafuta alama, nikaona herufi E P N S. Nikamwambia mzee wangu hii si fedha, hii ni aloi ya shaba na nikeli imepakwa fedha juu juu. Akacheka, akanipa kwa 12. Ni kama elfu arobaini hivi ya nyumbani.

Na hapo mjue, mkikuta cha fedha yenyewe ya Kiingereza kitakuwa na kamhuri ka simba anatembea, halafu pembeni kuna alama ya mji kilikopimwa. London ni kichwa cha chui, Birmingham ni nanga. Mi mtu wa Tanga nimecheka sana, mji huu hauna hata harufu ya bahari halafu alama yao nanga! Anyway. Cha fedha yenyewe usikitoboe wala usikigundishe gundi, kiache kilivyo au kiuze. Cha kuchezea ni hiki cha kupakwa.

Haya, vipimo vya vepu yangu siwachoshi, ni hizi za podi za kujaza, yaani kile kikopo kidogo cha juisi chenye mdomo wa kuvutia, video tatu zilizopita nilizisema. Si mnakumbuka vepu za kutumia ukatupa zilipigwa marufuku Uingereza tarehe 1 Juni 2025, ndo watu wote tukahamia za kuchaji. Na ukishakuwa na ya kuchaji una mzigo. Una kifaa, una podi ya akiba, una waya, una chupa ya juisi, yale maji ya ladha yanayogeuka moshi, mfukoni kumejaa funguo na sarafu, kila ukitoa unatoa na uchafu wa mfuko umeganda kwenye mdomo wa podi. Unaipuliza kwanza ndo unavuta. Aibu.

Basi nikasema kijaluba. Na kosa la kwanza nililofanya, angalieni hapa karibu. Sigara za zamani zisizo na kichungi zilikuwa na urefu wa milimita 70, kwa hiyo ndani ya kijaluba zililala kwa upana, hivi, zimejipanga kama dagaa. Lastiki yake ya zamani ilipita kwa urefu, ndo ilikuwa inazikandamiza zote. Sasa vepu yangu ina milimita 95, kwa upana haiingii hata ukiiombea dua. Inabidi ilale kwa urefu. Ikilala kwa urefu inakuwa sambamba na lastiki, na lastiki haikamati kitu, inakaa pembeni inaangalia tu. Mi nilienda nacho kazini siku ya kwanza, kila nikitembea ndani kwangwa kwangwa kwangwa, msimamizi akaniuliza una nini mfukoni, karanga?

Na hiyo lastiki yenyewe ilishakufa, ukiivuta hairudi. Nikaichomoa, nikanunua lastiki ya kushonea suruali, mita moja haifiki pauni mbili, nikaipitisha kwa upana badala ya urefu, sehemu mbili. Moja inakamata kiuno cha vepu, moja inakamata podi za akiba. Ncha nimezigundisha chini ya ngozi. Sasa tikisa. Kimya. Hapo ndo nikaanza kukipenda.

Ngozi ya nini? Haya hapa naomba mtulie, hii ndo sehemu ya maana kuliko zote. Hii ni mita ya fundi umeme, nimeiweka kwenye kile kimlio, inalia umeme ukipata njia. Nagusa waya huu kona hii, huu kona ile. Piiii. Mmesikia? Kijaluba chote ni njia ya umeme. Sasa kuna jamaa aliniandikia eti yeye anatumia vepu kubwa zile za betri za kutoa, anataka abebe betri ya akiba humu. Kaka, hapana. Kwanza ile betri ya 18650 jina lake tu ni vipimo, milimita 18 kwa 65, humu haifungi. Pili hata ingefunga, betri tupu ndani ya boksi la chuma, ikagusa huku na huku, inapata moto ghafla na inaweza kulipuka, kwenye mfuko uliokaa karibu na ziwa lako la kushoto. Betri ya akiba nunua kikasha cha plastiki, ni bei ya chipsi. Na hata vepu ya betri ya ndani kama hii mimi nimetandika ngozi pande zote mbili, nimekata kwenye mkoba wa zamani wa mke wangu, alikuwa ameutupa, msianze. Napima tena juu ya ngozi. Kimya, mita haisemi.

Sasa turudi kwenye kifungo cha kijaluba, hiki kinacholia tak, maana ndo kilichonifanya nirekodi. Angalieni, hapa ubavuni kuna kidude kidogo, ukikibonyeza kwa kidole gumba kifuniko kinaruka chenyewe kwa springi. Mkono mmoja. Ngoja nivae glavu za kazini, hizi nene. Bonyeza, kimefunguka. Sukuma, tak, kimefunga. Nakigeuza chini, nakitikisa, hakifunguki. Nakiangusha kwenye kapeti, tazameni, hakifunguki. Hiki kitu kina umri wa babu yangu na bawaba haichezi hata kidogo! Ile pochi ya zipu niliyonunua mtandaoni kwa pauni 9, wiki ya tatu zipu ikashika kitambaa ikagoma. Na vile vijaluba vipya vya alumini vya mtandaoni navyo ninacho kimoja hapa, sikilizeni. Kyet. Hiyo nini sasa? Kama mfuniko wa sufuria ya shule.

Lakini sio kila kitu ni sherehe. Kina cha ndani ukikifunga ni milimita 16, vepu yangu ina unene wa 12, inaingia. Ila kitufe chake cha kuwasha kimeinuka. Siku ya nne niko kwenye basi, nimekaa siti ya juu, nasikia kifua kina joto. Nikadhani ni presha. Kumbe nilikiweka kitufe kikiangalia juu, ile ngozi niliyotandika kwenye kifuniko ikawa inakibonyeza. Nikafungua kijaluba, moshi wa embe ukatoka wote usoni kwa bibi mmoja wa Kizungu, aliniangalia kama nimetoa jini kwenye chupa. Kwa hiyo bonyeza mara tano haraka uzime kabisa, vepu nyingi za kitufe zinazima hivyo, halafu kitufe kiangalie ubavuni. Mi nimekata na shimo dogo kwenye ngozi ya kifuniko, hapa, kama tundu la shati, kitufe kinakaa humo hakiguswi.

Juisi haingii. Chupa ya mililita 10 ni nene, usijaribu, nilijaribu nikapinda bawaba kidogo, moyo uliniuma. Kwa hiyo nabeba podi mbili zimeshajazwa, na zina vizibo, na bado moja ilivuja. Ilinyonya kwenye ngozi sasa kijaluba kinanukia embe na tumbaku ya mwaka 47. Harufu ya tumbaku ya zamani nilidhani nimeitoa, niliosha kwa bekingi soda na maji ya moto juu ya foili, weusi wa fedha ulitoka vizuri sana lakini harufu imekaa kwenye bawaba. Mi naipenda kusema kweli. Mke wangu hapana.

Halafu juisi yenyewe itapanda bei, serikali ya huku ilishatangaza kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Chupa ninayonunua mimi ni pauni 3, piga hesabu mwenyewe. Nitafanya video yake, nikumbusheni.

Wanaosafiri, kwenye ndege vepu unaibeba mkononi, usiitie kwenye begi la kuingia chini, sababu ya betri. Na angalia unakwenda wapi. Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 inakataza kabisa kuziingiza, Singapore na Thailand ndo usithubutu, kijaluba kizuri hakitakusaidia.

Kuna mtu ameuliza kwa nini nisitumie kopo la pipi za mint. Jibu ni hili: tak.

Kuna mwenzangu kazini ameshanipa ofa ya 25, nimemwambia hapana, aende sokoni Jumapili aamke saa kumi na moja kama mimi. Kilichobaki ni kile cha bibi. Jana nimempigia mama Tanga nikamwomba anipimie kwa rula, kina upana gani. Akaenda kukitafuta kabatini, akarudi, akaniambia hakifunguki vizuri na ndani bado kuna tumbaku na kipande cha karafuu. Nikamwambia usiitoe mama, acha hivyo hivyo. Amesema atatuma picha leo jioni akipata bando.