Wiz wa Resini: Sanamu Iliyomwelewa Mwenye Duka wa KonoSuba

Sanamu nyingi za anime, yaani katuni za Kijapani, zinazouzwa katikati ya jiji la Nairobi ni za wahusika wakuu, na sababu yake inaeleweka: Naruto, Goku na Luffy hununuliwa hata na wazazi ambao hawajawahi kutazama kipindi kimoja. Ndiyo maana nilifurahi kukuta, katika kibanda kidogo cha ghorofani kwenye Moi Avenue, fundi anayetengeneza kwa oda wahusika wa pembeni, wale ambao mtu huwapenda kimyakimya kwa miaka bila kuona hata kibandiko chao dukani. Niliagiza sanamu ya Wiz, mwenye duka la vifaa vya uchawi katika anime ya vichekesho iitwayo KonoSuba. Sanamu hiyo ina kasoro zake, nami nitazieleza, lakini katika jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kumwonyesha mtu mwema ambaye akili yake haitulii mahali pamoja bila kumfanya aonekane mpumbavu, fundi huyu amefaulu vizuri sana.

Kwa asiyemfahamu Wiz, ni lazima nieleze kidogo, kwa kuwa bila kumjua huwezi kuipima kazi hii. KonoSuba ilitokana na riwaya za Natsume Akatsuki zenye michoro ya Kurone Mishima. Msimu wa kwanza wa anime ulitoka mwaka 2016, wa pili 2017, ikafuata filamu mwaka 2019 na msimu wa tatu mwaka 2024. Wiz, ambaye sauti yake ni ya Yui Horie, ni Lich, yaani mchawi wa daraja la juu aliyekwisha kuvuka mpaka wa uhai na kuwa mfu anayetembea. Kwa cheo, yeye ni mmoja wa majenerali wa Mfalme wa Mashetani, ingawa kazi yake huko ni kusaidia kuishikilia kinga ya ngome tu, na hana ugomvi na mwanadamu yeyote. Tunapomkuta kwa mara ya kwanza yuko makaburini usiku, akizisindikiza roho za maskini zikapumzike, kwa sababu makasisi wa mji wanajali pesa kuliko wafu wasio na mtu wa kuwalipia ibada. Kiumbe ambaye kila mtu angemkimbia ndiye anayefanya kazi ambayo watu wa dini wameitupa.

Halafu kuna duka lake. Lipo Axel, mji wa wapiganaji wa kukodiwa wanaoanza tu, watu wenye mifuko mitupu, naye amelijaza bidhaa za bei kali ambazo hawazihitaji au ambazo zina ila inayozifanya zisifae kabisa. Onyesho ninalolipenda zaidi ni lile ambapo Kazuma, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaokota chupa moja baada ya nyingine akiuliza matumizi yake: hii hulipuka ikigongwa, hii hulipuka ikifunguliwa, ile hulipuka ikichanganyika na maji, na ile nyingine hulipuka ikipashwa moto. Wiz anamjibu kwa upole na bidii yote ya muuzaji anayetaka mteja wake atoke akiwa ameridhika, na hakuna hata dalili moja usoni pake kwamba ameona tatizo lolote.

Watu wengi hucheka hapo na kuendelea na mambo mengine, lakini mimi naona ndipo mhusika huyu anapofunuka. Wiz si mjinga. Katika pambano dhidi ya ile ngome inayotembea iitwayo Destroyer, ni yeye na Megumin, msichana mchawi wa kundi la Kazuma, waliovunja miguu yake kwa uchawi wa mlipuko, na ni yeye tena aliyelihamisha jiwe la coronatite, lile lililoiendesha ngome hiyo, lilipokuwa karibu kupasuka, hata mji ukasalimika, ingawa jiwe lenyewe liliangukia jumba la bwana mtawala wa eneo hilo. Uwezo wake hauna shaka. Kinachompungukia ni ile hesabu ndogo ya mwisho, swali la kitu kitaishia wapi na nani atakilipia, kwa kuwa anapokishika kitu mkononi anachokiona ni faida ambayo kingeweza kumletea mtu fulani, mahali fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na duka la Wiz lingekuwa limefungwa zamani kama si Vanir, shetani anayejiunga nalo baadaye na kutafuta pesa ambazo Wiz huzimaliza tena kwa kununua mzigo mwingine usiouzika. Mitaani kwetu tunamjua mama wa kioski anayekopesha unga na sukari hadi rafu zinabaki wazi, na mwanzoni nilidhani Wiz ni wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba rafu za Wiz hazibaki wazi kamwe. Zimejaa pomoni, na kujaa kwake ndiko hasara yake.

Sasa, mchongaji wa kawaida akipewa mhusika kama huyu hukimbilia mambo mawili: ama humtengeneza kama mwanamke mrembo mwenye vazi la zambarau na asiongeze lolote, ama humchekesha kwa macho ya duara na mdomo ulioachama. Fundi wetu amekwepa njia zote mbili. Wiz wake, mwenye kimo cha sentimita 18 pamoja na kitako, amesimama nyuma ya kaunta fupi ya mbao za kuigiza. Mkono wa kulia umeinua chupa ya kijani kuelekea kwenye mwanga, na uso wote umeifuata chupa hiyo kwa fahari ya mtu anayetaka kukuonyesha kitu kizuri. Wakati huohuo kiwiko cha kushoto, bila yeye kujua, kimeisukuma chupa nyingine ndogo nyekundu hadi ukingoni mwa kaunta, nayo imeinama, nusu ikiwa hewani. Pembeni liko daftari lililofunguliwa, kalamu imelala juu yake, na kurasa ni nyeupe.

Hebu litazame hilo tena, maana ndilo lililonishawishi. Hakuna kitu chochote usoni kinachotuambia kwamba Wiz ni msahaulifu. Uso wake umejaa makini. Usahaulifu wake umewekwa kwenye kiwiko. Ukimtazama kutoka mbele unaona ukarimu tu, na ukizunguka upande wa kushoto ndipo moyo unakushtuka na unatamani kunyoosha kidole uizuie chupa isianguke. Nilimwuliza fundi kwa nini alichagua hivyo, naye akanijibu kwa maneno machache: “Dada, Wiz hasahau kwa sababu hajali. Anasahau kwa sababu anajali kitu kimoja kwa wakati mmoja.” Nimesoma maelezo marefu kuhusu mhusika huyu yasiyofikia jibu hilo.

Rangi nayo imepakwa kwa subira. Ngozi ina weupe uliopoa, wenye rangi ya samawati kidogo karibu na vidole na chini ya macho, kiasi cha kukumbusha kwamba huyu ni mfu bila kumtisha mtazamaji. Nywele za kahawia zimeshuka kwa mawimbi, na ndani ya mikunjo yake rangi imekolezwa ili kila fungu lionekane. Katika kila jicho kuna nukta nyeupe ndogo sana iliyowekwa juu kidogo ya kati, na kwa sababu ya nukta hiyo macho kweli yanaonekana kuitazama chupa iliyoinuliwa. Nashukuru pia kwamba mwili wake umechongwa kwa heshima. Vazi linakaa kama vazi la mtu anayefanya kazi siku nzima dukani.

Tukija kwenye ufundi wenyewe, sanamu imechapishwa kwa resini, kimiminika kinachogandishwa na miali ya urujuanimno, tabaka jembamba juu ya tabaka, kisha ikaoshwa kwa spiriti, ikapigwa msasa na kupakwa rangi za akriliki. Njia hii hutoa maumbo madogo kwa usafi kuliko mashine zinazoyeyusha uzi wa plastiki, na ndiyo iliyowezesha kalamu ya daftari kuwa na ncha. Hata hivyo, msasa haukufika kila mahali. Chini ya mkono wa kushoto wa vazi, ukigeuza taa, mistari ya matabaka inaonekana, na nyuma ya kaunta kumebaki vipele viwili vya mahali ambapo nguzo za kuishikilia zilikatwa. Vanishi ya nywele inang’aa mno. Vanishi isiyong’aa ingependeza zaidi, kama ile aliyotumia kwenye vazi.

Kasoro kubwa ni ile chupa nyekundu yenyewe. Imeshikiliwa na kijiti chembamba mno, na resini ya kawaida ni ngumu lakini hukatika upesi. Yangu ilikatika njiani ikiletwa kwa bodaboda, kwa kuwa ilikuwa imezungushiwa magazeti tu ndani ya katoni iliyozidi ukubwa. Fundi alinitumia nyingine bila malipo na bila maswali, jambo ninalomsifu kwalo, lakini ingekuwa bora aweke waya wa chuma ndani ya kijiti hicho. Kipengele kinachobeba maana ya sanamu nzima hakipaswi kuwa ndicho dhaifu kuliko vyote. Kazi pia ilichelewa kuliko alivyoahidi, na ilinibidi mimi ndiye nipige simu kuuliza.

Bei ilikuwa shilingi 4,500, nusu kwa M-Pesa wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kupokea. Kwa anayetaka kupaka rangi mwenyewe, kuna ya kijivu isiyopakwa kwa shilingi 2,800. Si pesa kidogo kwa mwanafunzi, lakini anayeagiza sanamu kutoka Japani hulipa nauli ya ndege, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na bado hatapata Wiz mwenye kiwiko hiki. Naongeza neno moja kwa wapenzi wenzangu: hii ni kazi ya shabiki, haina leseni ya wenye haki, kwa hiyo ni vyema pia tulipie anime yenyewe kwenye huduma halali kama Crunchyroll, maana bila wale walioibuni tusingekuwa na mhusika wa kuchonga.

Ukiinunua, iweke mbali na dirisha, kwa sababu mwanga wa jua huendelea kuigandisha resini hadi iwe ya njano na kuzidi kuwa rahisi kuvunjika. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, kamwe si kwa kitambaa, ambacho hunasa kwenye kalamu na vidole. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, mwombe fundi aibandike chupa nyekundu juu ya kaunta badala ya kuiacha imening’inia. Hupunguza utamu wa sanamu lakini hukuepushia gundi.

Namshauri fundi abadilishe kile kijiti na apunguze mng’ao wa nywele, na kama atapata nafasi atengeneze Vanir wa kimo hichohicho, wa kusimama upande ule wa kushoto wa kaunta. Akimtengeneza, oda ya kwanza ni yangu, na nusu ya malipo iko tayari.