"Huwa anaoga saa ngapi?" Na mimi nimekaa papo hapo

Haya ni maoni yangu juu ya hii huduma ya kusaidiwa nyumbani. Msaidizi waliyeniletea ni mtu safi kabisa, nisije nikamchanganya na wengine. Hasira zangu ni za yule mama mratibu na fomu zake.

Alikuja wiki kadhaa zilizopita kufanya tathmini, ili waamue kama niongezewe saa za kusaidiwa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amepita tu kunisalimia. Mama kaingia, kampa mkono mdogo wangu, kaketi kamwelekea yeye, kafungua fomu: "Huwa anaoga saa ngapi?" Nikajibu mimi. Akaandika, halafu akamgeukia tena: "Na haja ndogo, anasema mwenyewe?"

Jamani! Kilichoumia ni uti wa mgongo, ulimi mzima. Mpira wa mkojo naujua kuliko anavyoijua kalamu yake. Mchana kutwa najiinua kitini mara kwa mara, usiku naagiza nigeuzwe, kwa sababu makalio yangu hayahisi kitu, na kidonda cha mgandamizo kikishaanza kinaweza kunilaza miezi. Hayo ndiyo aliyokuja kuyatafuta, na aliyekuwa nayo ni mimi. Mdogo wangu hata mto wangu wa kukalia hajui mbele wala nyuma yake. Maskini, alibaki kuangalia dari.

Na kipeperushi chao kimeandikwa Ibara ya 19 ya ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, inayosema tuna haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi nao! Nilimkumbuka Ed Roberts, mmoja wa walioanzisha kituo cha kuishi kwa kujitegemea kule Berkeley, Marekani, mwaka 1972. Idara ya serikali iliwahi kumwandika kwamba ulemavu wake umezidi, kazi hataweza. Miaka ikapita, akawa mkurugenzi wa idara hiyohiyo. Fomu bwana.

Nilitaka niandike hapa kwamba msijiunge, mtadhalilishwa bure. Lakini nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Kabla ya huduma hii nilikuwa naamka watu wa nyumbani wakipata nafasi, hata saa nne. Sasa msaidizi anafika alfajiri, anachuchumaa tuonane uso kwa uso, ananiuliza, "Tuanze na nini leo?" Kiti changu hakigusi mpaka nimwambie. Kuna siku swali hilo tu linanitosha. Kwa hiyo nyota nne.

Tatu, basi, maana yule mama bado anazunguka na fomu zake.

Juzi majibu yakaja: saa wameongeza. Nikafurahi, nikawa narudi kwenye nne. Kisha nikaangalia juu ya barua: "Kwa mlezi wake," na jina la mdogo wangu.

Huyo mlezi ana miaka kumi na tisa na ada ya chuo namlipia mimi.

Nyota mbili. Na saa zao nazichukua.