Usiku wa Wamasai Nungwi: sauti tamu, spika kero

Nimepiga fidla kwenye taarabu tangu ujana, kwa hiyo nikiingia pahala pa muziki hutazama spika kabla ya sahani. Mkahawa huu wa ufukweni (jina nalisitiri, mwenyewe atajijua) una usiku wa Wamasai kila Ijumaa, shilingi 40,000 pamoja na chakula. Nilikwenda na mke wangu. Pweza wa nazi hana kasoro, wali ulikuja umepoa.

Walitoka vijana saba wenye shuka nyekundu. Uimbaji wa Kimasai hauna ngoma, ni makoo matupu. Kiongozi, wenyewe humwita olaranyani, hutupa sauti juu, wenzake humpokea kwa mngurumo wa kifuani unaokwenda na pumzi, na anayeruka hashushi kisigino mchangani. Sasa mwenye mkahawa kaona hayo hayatoshi, kawatilia mdundo wa kompyuta! Mngurumo wote ukazama. Sawa na kupiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, kando ya mashine ya kukoboa mpunga.

Nikamwendea kijana wa mitambo.

"Mwanangu, izime japo wimbo mmoja."

"Mzee, wageni wanapenda mdundo."

"Na miye nimelipa."

Akaizima, kwa kununa. Wallahi, wimbo ule mmoja ndio uliostahiki zile 40,000. Mke wangu, asiyenyamaza hata harusini, alinyamaza.

Baadaye nilimkuta olaranyani nyuma ya jiko akila ugali na nyama. Samaki kwa desturi yao hawali. Nikamuuliza wimbo ulisema nini. Kumbe alikuwa anamsifu ng'ombe: jike jeusi, doa jeupe shingoni, pembe moja imeinama. Alikuwa wa baba yake, huko Longido. Ukame wa 2009 ulimuua, na zizi likabaki na ng'ombe wanne. Yeye alikuwa na miaka minane, na wimbo alishaujua kwa kumsikia baba akiuimba machungani. Mwaka jana kakusanya pesa za hapa Nungwi, katuma nyumbani kwa simu, kakanunuliwa kamtamba keusi. "Doa halina, mzee, lakini nakaimbia wimbo uleule."

Nyota tatu. Ukienda, kaa meza za upande wa mnazi, mbali na spika. Miye nitarudi, ila nitapiga simu kwanza niulize kama ile mashine bado ipo.